Mstari Usiokuwepo Kwenye Fomu

Februari 3

Wifi,

Usishtuke kuuona mwandiko huu. Uliwahi kusema ni mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Basi kuku mwenyewe bado yuko hai. Nimetumia karatasi kwa sababu namba yako ya zamani inaita mpaka inachoka, na barua pepe za ofisini kwenu nasikia hupitia macho mengi kabla hazijafika.

Ni miaka sita tangu nitoke nyumbani kwa kaka yako na masanduku mawili na mtoto wa miaka sita. Ulisimama mlangoni siku ile, hukusema kitu. Sikuandikii ili tufukue hayo, maji yakimwagika hayazoleki. Nakuandikia kwa sababu nimeliona tangazo la Mfuko wa Kanda wa Utafiti wa Afya limebandikwa kwenye ubao wa hospitali, na chini yake, penye "Mratibu wa Maombi", pana jina lako.

Unaukumbuka utafiti wangu wa wachoma matofali? Nadhani huwezi kuusahau. Ulikuwa umemaliza chuo huna kazi, ukakaa kwenye sakafu ya sebule yetu ukaandika lebo za vichupa mia mbili na kumi na nne kwa mkono wako. Watu wale wale, miaka tisa sasa. Kila baada ya miezi mitatu tunawapima damu na mkojo tuone moto wa tanuri unazifanya nini figo zao. Tumeshajua unaziua. Tunachokitafuta sasa ni kama kivuli, maji na nusu saa ya kupumzika mchana vinaweza kuziokoa. Nusu ya matanuri yamekubali kujaribu, nusu yamekataa. Nikipata miaka mitatu mingine nitaweza kusema kwa uhakika, na mwenye tanuri hatakuwa na pa kujificha.

Mfadhili wetu wa zamani anaondoka Juni. Baada ya hapo sina wasaidizi, sina vipimo, nina daftari tu.

Yule mzee mwenye baiskeli bado tunaye, Bwana Vichupa. Alianza akiwa mchoma matofali, mshiriki Namba Tisa kwenye daftari langu. Alipochoka na moto nikampa kazi ya kukusanya vichupa. Watoto wa mtaani humwimbia akipita na mzigo wake wa mikojo, naye huwapigia kengele kama waziri. Majibu yake ya Desemba sikuyapenda.

Sikuombi unipendelee. Nauliza tu, Mfuko wenu unataka kusikia nini?

Mtoto ana miaka kumi na miwili. Anauliza shangazi yake alihamia wapi.

Mimi, wifi yako wa zamani,
Daktari wa Kliniki ya Figo

N.B. Viatu vyangu vya ngozi ulivyoazima siku ya mahafali bado sijaviona.


Februari 17

MFUKO WA KANDA WA UTAFITI WA AFYA
Ofisi ya Mratibu wa Maombi

Ndugu Mwombaji,

Barua yako ya Februari 3 imepokelewa.

Maombi yote yanajazwa kwenye fomu ya Mfuko na yanatakiwa kufika kabla ya Machi 1. Yanapitiwa na Jopo la wataalamu saba wasiokuwa watumishi wa Mfuko. Kazi ya Mratibu ni kuandaa majalada na kujibu maswali ya Jopo kuhusu taarifa zilizomo. Mratibu hapigi kura.

Mfuko hutoa kipaumbele kwa tafiti zenye ubunifu mpya.

Unakumbushwa kujaza kila kipengele kwa ukamilifu na ukweli, hasa Kipengele cha 9.

Wako katika huduma,
Mratibu wa Maombi


Machi 2

Mratibu,

Nimekuelewa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Fomu nimeituma juzi kwa gari la hospitali, kurasa thelathini na moja. Kwenye "ubunifu mpya" nilikaa siku nne. Niliishia kuandika kwamba tutatumia simu kuwakumbusha washiriki kunywa maji, kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho hatukukifanya mwaka wa kwanza. Figo hazijui ubunifu, wifi. Zinakufa kwa mtindo ule ule wa zamani. Lakini mkata kanzu hufuata mwili wa mvaaji, nami nimewashonea mnavyopenda.

Kipengele cha 6 kilinitesa. Kina visanduku vitatu tu: Waliosajiliwa, Wanaoendelea, Waliotoka. Nikaandika 214, 161, 53. Wale hamsini na watatu wamekufa, kila mmoja nimemzika au nimetuma mtu akamzike, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwa hiari yake. Ila fomu haikuwa na mahali pa kuwaweka, na sanduku lenyewe dogo kama ukucha. Saa kumi na moja jioni, dereva anapiga honi, nikawaweka kwenye Waliotoka.

Na Kipengele cha 9 ulichonisisitizia. "Je, una ndugu au jamaa anayefanya kazi katika Mfuko?" Nimeweka alama kwenye Hapana, kama ulivyotaka. Ungeweza kuniambia kwa lugha ya kibinadamu kwamba hutaki nikujue. Ningekuelewa vile vile, na karatasi yenye nembo usingeipoteza.

Mtoto nimemwambia shangazi yake ana kazi nyingi.

Daktari wa Kliniki ya Figo


Aprili 28

Mratibu,

Sijapata hata risiti ya kupokelewa. Najua ukimya nao ni jibu, na kwenu naona ni jibu la ukoo mzima.

Nakuandikia hata hivyo kwa sababu leo nimechoka na sina mwingine anayeifahamu kazi hii tangu mwanzo. Msaidizi wangu mmoja ameshaaga, kapata kazi kwenye duka la dawa. Simlaumu, ana watoto. Friza ya sampuli inanguruma kama mtu mwenye pumu, tumeipandisha juu ya matofali mawili ndipo inatulia. Matofali yenyewe kaleta Bwana Vichupa kutoka tanuri la zamani alikofanyia kazi. Alisema, "Haya yalinila figo, sasa acha yanitumikie."

Amevimba miguu. Anaendesha baiskeli asubuhi tu, mchana anakaa kwenye benchi langu la wagonjwa akijifanya amekuja kunisalimia. Kipimo chake kimepanda tena. Ameniuliza kama Mfuko umejibu, nikamwambia bado. Akasema, "Basi bado ni bado, siyo hapana."

Daktari


Juni 9

MFUKO WA KANDA WA UTAFITI WA AFYA

Ndugu Mwombaji,

YAH: OMBI NAMBA SABA

Tunasikitika kukufahamisha kuwa ombi lako halikufanikiwa katika awamu hii.

Jopo limeridhika na umuhimu wa mada. Hata hivyo, limetiwa shaka na idadi kubwa ya washiriki waliotoka kwenye utafiti (53 kati ya 214), jambo linaloashiria udhaifu katika ufuatiliaji. Utafiti usioweza kuwashika washiriki wake hauwezi kuaminiwa katika matokeo yake.

Unakaribishwa kuomba tena katika awamu ijayo. Maombi yatapokelewa kuanzia Novemba.

Kwa niaba ya Jopo,
Mwenyekiti


Juni 16

Kwa Mwenyekiti wa Jopo,

Ndugu Mwenyekiti,

Nimesoma kwamba sikuweza kuwashika washiriki wangu. Ni kweli, sikuweza. Wengine niliwashika mkono mpaka wakapoa.

Hao hamsini na watatu ni marehemu. Fomu yenu haina sanduku la marehemu. Mratibu wenu analijua hilo, kwani nilimwandikia Machi 2 nikamweleza waziwazi, na mwaka wa kwanza wa utafiti huu aliandika lebo za watu hao kwa mkono wake. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kujibu maswali ya Jopo kuhusu taarifa. Neno lake moja lilitosha. Alikaa kimya.

Nataka mjue kwa nini. Mratibu wenu ni dada wa mwanamume aliyekuwa mume wangu. Tuliachana miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo hajataka kunijua. Nalalamika rasmi kwamba aliuficha uhusiano huo, akakaa kwenye kikao chenu akiwa na kinyongo cha kifamilia, akaliacha ombi langu lizame.

Naomba uchunguzi ufanyike.

Daktari wa Kliniki ya Figo


Juni 16

Wifi,

Nimekushtaki kwa Mwenyekiti wako. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Nilidhani kaka yako ndiye aliyenimaliza. Yeye alinifukuza mimi tu. Wewe umewafukuza watu mia moja na sitini na mmoja ambao hawajakukosea kitu.

Usinijibu.


Julai 8

Ndugu Daktari,

Nimepokea malalamiko yako na nayajibu mwenyewe, nje ya utaratibu wa karani, kwa sababu nami niliwahi kuwa daktari wa wilaya nikayajaza mafomu haya haya usiku na mchana. Umri wangu sasa haunipi nguvu ya kuzunguka, basi nitasema moja kwa moja.

Mratibu hakuuficha uhusiano wake nawe. Tunayo Tamko la Uhusiano alilojaza Machi 5, siku jalada lako lilipofunguliwa. Kuanzia siku hiyo, kwa kanuni zetu, hakuruhusiwa kuligusa jalada hilo, kulizungumzia, wala kuandikiana na mwombaji kwa njia yoyote mpaka uamuzi utolewe. Barua zako za Machi na Aprili alizileta kwangu zikiwa zimefungwa, hakuzisoma, nami sikuzifungua. Nimezifungua jana.

Siku ya kikao, tulipofika ombi namba saba, alisimama, akaweka kalamu yake mezani, akatoka. Alikaa kwenye benchi la kwenye korido kwa dakika arobaini. Katika dakika hizo mjumbe mmoja aliuliza, hawa hamsini na watatu wamekwenda wapi? Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Mimi nilimwona kupitia kioo cha mlango, amekaa na mikono juu ya magoti, nikatamani nimwite nimuulize swali hilo moja. Kanuni inakataza. Tulipiga kura.

Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Ila sisi ndio tuliomtoa, na kanuni hiyo niliiandika mimi. Niliiandika kwa sababu kabla yake fedha za utafiti zilikuwa zinagawanywa mezani kama harusi ya ukoo. Siijutii kanuni. Najuta kwamba hakuna hata mmoja wetu saba aliyesema tuahirishe tumwulize mwombaji. Ilikuwa saa tisa mchana na tulikuwa bado na maombi kumi na mawili.

Uamuzi wa Jopo hauwezi kufunguliwa upya.

Nimeambatanisha nakala mbili. Ya kwanza ni Kipengele cha 9 cha fomu yako, chenye alama kwenye Hapana. Ya pili ni Tamko la Mratibu. Utaona zinapingana. Kwa hiyo, na kwa sababu ya malalamiko yako, Mratibu amehamishiwa Kitengo cha Kumbukumbu, ghorofa ya chini, mpaka uchunguzi uishe.

Uisome nakala ya pili ukiwa umekaa.

Mwenyekiti wa Jopo

[Kiambatisho]

TAMKO LA UHUSIANO LA MTUMISHI

Ombi: Namba 7.
Una uhusiano na mwombaji? Ndiyo.
Aina ya uhusiano (weka alama kwenye mmoja): Mume au mke. Mzazi. Mtoto. Ndugu wa damu. Mshirika wa biashara.

(Hakuna kilichowekewa alama. Chini yake mstari umechorwa kwa rula na kuandikwa kwa mkono:) Wifi yangu.

Uhusiano ulianza lini? Siku alipoolewa na kaka yangu, miaka kumi na minne iliyopita.
Uhusiano ulikoma lini? Haujakoma.


Julai 15

Wifi,

Nimeanza barua hii mara nne. Nilikuwa nimekaa, kama mzee alivyoshauri, na bado nilitafuta mahali pa kujishikilia.

Leo asubuhi nimetuma barua ya kufuta malalamiko yangu. Nimemwambia Mwenyekiti kwamba aliyedanganya kwenye fomu ni mimi. Kama kuna wa kushushwa ghorofa ya chini, kliniki yangu tayari iko chini, hawatapata shida.

Uliposisitiza Kipengele cha 9 nilidhani unaniambia nikukane. Kumbe ulikuwa unaniomba nikutaje. Miaka sita nimejizoeza kusikia "toka" kwenye kila neno la ukoo wenu, mpaka neno la kunikaribisha nalo nikalisikia hivyo hivyo. Nimekuandikia maneno mabaya, na mengine nimeyaandika kwa Mwenyekiti ambako huwezi hata kuyachana. Nisamehe.

Nina hasira bado, nisikufiche. Ungeacha fomu ile tupu. Haikuwa na mstari wa wifi. Kwa sheria yao mimi si kitu chako, ungekaa kwenye kiti chako kihalali kabisa, mjumbe angeuliza, ungejibu, "Wamekufa," na leo ningekuwa na utafiti. Naligeuza hili kichwani nikiwa naosha vichupa na sijui nikushukuru au nikupige na kiatu. Viatu vyenyewe unavyo wewe.

Mtoto ameiona nakala juu ya meza. Amesoma, akauliza, "Haujakoma maana yake bado upo?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kucheza, kana kwamba nimemwambia habari ya jana.

Wifi yako


Agosti 3

Wifi yangu,

Sasa naruhusiwa kukuandikia, basi tega sikio.

Kumbukumbu si pabaya. Kuna ubaridi, kuna majalada ya miaka ishirini na panya mmoja mwenye cheo kunizidi. Naletewa sanduku, nalipanga, naletewa lingine. Hakuna anayeniuliza swali, na baada ya miaka mitano ya kuulizwa maswali na watafiti wenye njaa, nimegundua nilikuwa nimechoka kuliko nilivyodhani.

Waliniita mbele ya kamati. Watu watatu, birika moja la maji. Wakaweka fomu zetu mbili mezani, yako inasema hapana, yangu inasema ndiyo. Mmoja akaniuliza, "Nani kati yenu anasema kweli?" Nikasema wote wawili. Akaniambia hilo haliwezekani. Nikamwambia yeye hajawahi kuwa na wifi aliyeachwa.

Umeuliza kwa nini sikuiacha tupu. Nitakujibu, ingawa jibu halinipi sifa.

Siku ulipotoka na masanduku nilisimama mlangoni kwa sababu kaka yangu alikuwa nyuma yangu, na nilikuwa bado nalala chini ya dari lake. Nilijua ana makosa. Nilijua mpaka jina la kosa lenyewe. Nikanyamaza, ukapita. Baadaye nikapata kazi, nikahama, nikabadilisha namba ili asinipate yeye, na kwako sikuituma kwa sababu ya aibu. Kila mwaka uliopita aibu ikazidi kunenepa. Ilipokuja ile fomu ikaniuliza kama nina uhusiano nawe, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nisingeweza kunyamaza mara ya pili, wifi, hata kama kunyamaza ndiko kungekusaidia. Sikujua kungekugharimu hivyo. Na kwa kweli hata ningejua, sina hakika ningeandika tofauti. Nipige na kiatu ukipenda.

Barua yako ya Machi sikuisoma. Kwa hiyo sikujua uliwaweka wapi marehemu. Lakini idadi yao niliijua. Nilikuwa nawahesabu kwenye taarifa zenu za kila mwaka, maana lebo zile niliziandika mimi, kila namba naikumbuka. Nilikaa kwenye benchi lile nikiwaza kwamba umeandika vizuri, hakuna neno litakalowakwaza. Dakika arobaini. Nilikuwa nimevaa viatu vyako. Vimepasuka kisigino lakini sijawahi kuvivaa siku ya kawaida.

Siwezi kukuambia jambo lolote kuhusu ombi lako la Novemba. Hili nalisema kama mtunza masanduku tu, na ni ruhusa kwa kila mwananchi: hakuna kanuni inayozuia mtu kuchora mstari kwenye fomu. Nimeyapekua majalada yote ya humu ndani. Tumia rula, ili wasidhani ni uchafu.

Bwana Vichupa anaendeleaje? Mwambie aliyeandika lebo ya Namba Tisa anamsalimu.

Wifi yako


Novemba 21

Wifi,

Salamu zako zilimfika. Nilimsomea barua yako akiwa kitanda cha mwisho dirishani. Alicheka pale kwenye panya. Akasema lebo yake ilibanduka mwaka wa pili, akaibandika tena kwa utomvu wa mti ili namba isipotee, kwa hiyo anakudai gundi. Hata mimi nilicheka. Siku tatu baadaye, Oktoba 2, alfajiri, alifariki. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wake, na sikuwa napima chochote.

Usilibebe hili. Nakujua, umeshaanza kuhesabu dakika arobaini zako. Figo zake zilikwisha kabla hujapata kazi Mfuko. Kama ni kubeba, tugawane na wenye matanuri, wao wana mabega mapana.

Baiskeli yake aliiachia kliniki. Hakuna anayeiweza, breki ilikuwa ni mguu wake. Tangu Juni nazunguka mwenyewe Jumamosi na Jumapili na daftari, napima mkojo tu maana dawa za kupima damu zimekwisha. Nachoka mpaka nalala na viatu. Ila sikupoteza hata mmoja, wifi. Kila aliye hai nimemwona kwa macho yangu.

Leo nimetuma fomu. Fomu ni ile ile, visanduku ni vile vile vitatu. Kwenye ubunifu mpya nimeandika kwamba hakuna, ni kazi ile ile, na inabidi iwe ile ile, ndiyo maana ya kufuatilia. Sijui kama watanipa. Mwenyekiti amestaafu, na huyu mpya simfahamu. Kwenye Kipengele cha 6, kisanduku cha Waliotoka nimeandika sifuri. Chini yake nikaweka rula, nikachora mstari, nikaandika: Waliofariki, hamsini na wanne. Kalamu ilikawia pale kwenye wanne, wino ukavimba kidogo. Nimeuacha hivyo hivyo.

Kipengele cha 9 nimeweka alama kwenye Ndiyo. Nimeandika wifi. Hawakuniuliza ulikoma lini, lakini nimewaambia.

Nasikia kwa karani wa hospitali kwamba umerudishwa ghorofa ya juu. Basi najua yatakayofuata. Utajaza tamko lako, utanyamaza miezi mitatu, na siku ya kikao likifika ombi letu utasimama, utaweka kalamu, utatoka kwenye benchi lako. Kanuni ni njema na sitaki uivunje. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho mpaka waamue.

Mtoto ameisoma kanuni yote, kurasa kumi na nane, ana kichwa cha baba yake kwa mambo ya kubishana. Anasema inakataza mwombaji na mtumishi, haisemi lolote kuhusu mtoto na shangazi yake. Siku hiyo shule zitakuwa zimefungwa. Anataka kupanda basi aje akae nawe pale koridoni. Nimemwambia ni dakika arobaini tu na mtakuwa hamruhusiwi kuzungumza habari za figo.

Amesema hana shida na figo. Atakuja na gundi ya viatu.

Wifi yako